Ukuu na Hadhi Katika Ufalme wa Mungu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka katika vipindi vya mafundisho ya Biblia Mbeya mjini, Tukuyu na Iringa. Mengine yaliulizwa mbele ya wote, mengine yalingoja hadi sala ya kufunga, mtu akamvuta mwalimu pembeni. Hayo ya pembeni ndiyo mazito, na ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa hapa. Madhehebu yetu hayasemi mamoja katika kila jambo. Pale yanapoachana tumeonyesha.

Je, ni dhambi kutamani kuwa mkubwa katika Ufalme wa Mungu?

Hapana, na wengi hushangaa wakisikia hivyo. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, walimwendea Yesu wakaomba wakae mmoja mkono wake wa kuume na mwingine wa kushoto katika utukufu wake (Marko 10:35-45). Wakati wenyewe haukufaa kabisa: walikuwa njiani kupanda Yerusalemu, na Yesu alikuwa ametoka kuwaeleza kwa mara ya tatu kwamba anakwenda kuuawa. Hata hivyo hakuwakemea kwa kutaka. Aliwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake, yaani kushiriki mateso yake, kisha akawaambia kwamba nafasi hizo watapewa waliowekewa tayari.

Halafu akawaita wote kumi na wawili, akasema anayetaka kuwa mkubwa kwao atakuwa mtumishi wao, na anayetaka kuwa wa kwanza atakuwa mtumwa wa wote. Hamu ya kuwa mkubwa aliiacha mahali pake, akageuza njia ya kuufikia ukubwa huo. Wakuu wa mataifa huwatumikisha watu. Mwana wa Adamu alikuja kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi.

Wale kumi waliposikia walikasirika. Tusiwasifu haraka. Hasira yao inafanana zaidi na ya watu waliowahiwa kuliko ya wanyenyekevu waliochukizwa na kiburi, maana Luka 22:24 inasema mashindano hayohayo yalizuka tena kwao usiku wa karamu ya mwisho, mkate ukiwa umekwisha kumegwa.

Mbona Mathayo anasema ni mama yao aliyeomba?

Mathayo 20:20 inamtaja mama akija pamoja na wanawe, akasujudu, akaomba. Lakini jibu la Yesu linawaelekea wana: "Hamjui mnaloliomba." Yaani ombi lilikuwa la nyumba nzima. Na huku kwetu tunalielewa vizuri, kwa sababu mama akisimama kuwaombea wanawe mbele za watu, kumkatalia ni kazi.

Jambo ambalo watu hulipita ni kwamba mama huyo anaonekana tena. Mathayo 27:56 inamtaja kati ya wanawake waliotazama kwa mbali Yesu aliposulubiwa. Mistari michache kabla ya hapo (27:38) tunaambiwa nani walikuwa kuume kwake na kushoto kwake siku ile: wanyang'anyi wawili. Wanawe hawakuwapo katika nafasi hizo alizowaombea, na bila shaka alishukuru.

Hadhi ya kila mwamini na ukuu wa mtu katika Ufalme ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakozaa nusu ya maswali mengine kwenye ukurasa huu.

Hadhi ni ile inayopewa kila aliye wa Kristo, bila kupimwa. Amefanywa mtoto wa Mungu (Yohana 1:12). Ni wa ukuhani wa kifalme na taifa takatifu (1 Petro 2:9). Anakikaribia kiti cha neema kwa ujasiri bila kupitia mlango wa mkubwa yeyote (Waebrania 4:16). Bibi wa Makete aliyebatizwa uzeeni hana hadhi ndogo kuliko askofu wake. Hii haiongezwi kwa kazi wala haipunguzwi kwa kukosa elimu.

Ukuu ni jambo jingine. Katika Mathayo 5:19 Yesu anasema wazi kwamba atakuwapo atakayeitwa mdogo katika Ufalme wa mbinguni na atakayeitwa mkubwa. Wote wawili wamo ndani, ila hawalingani. Paulo naye anasema kazi ya kila mtu itajaribiwa kwa moto; ya mmoja itasimama naye apewe thawabu, ya mwingine itateketea lakini yeye mwenyewe ataokolewa (1 Wakorintho 3:12-15).

Mtu akivichanganya, huanguka upande mmoja kati ya miwili. Ama anatumika kama mtu anayelipa deni ili asifukuzwe nyumbani, anachoka, na anawachukia wasiotumika. Ama anasema, "Neema ni ileile, basi na nikae." Wale wanafunzi sabini waliotumwa na Yesu waliporudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, Yesu hakuwanyang'anya hiyo furaha yao ya kazi, ila aliihamisha: furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni (Luka 10:20). Alianza na hadhi. Mwenye uhakika wa hadhi yake hana haja ya kuipigania kwenye kikao cha kwaya.

Vibarua walioingia saa kumi na moja walilipwa sawa na wa asubuhi. Hiyo ni haki?

Swali hili huulizwa kwa uchungu zaidi Rungwe na Mufindi kuliko mahali pengine, na sababu inajulikana. Kwenye mashamba ya chai mchumaji hulipwa kwa kilo, kikapu kinapandishwa kwenye mizani, karani anaandika. Aliyetoka na umande wa alfajiri hawezi kulingana na aliyekuja jua likiwa linazama. Ukimsomea mchuma chai Mathayo 20:1-16 atakuuliza karani alikuwa wapi.

Basi tuanzie hapo. Mwenye shamba hakumpunja mtu: wa asubuhi walipatana naye dinari, ambayo ndiyo iliyokuwa ujira wa kutwa, na dinari wakapata. (Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, hana haja ya kubadili saa. Saa kumi na moja ni ileile yetu ya jioni, imebaki saa moja kazi ifungwe.) Malalamiko yao yalikuwa kwamba wengine wamelinganishwa nao. Mwenye shamba anawauliza kama jicho lao limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema.

Kinachosaidia ni kusoma mistari iliyotangulia. Petro alikuwa ameuliza, "Sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi?" (19:27). Yesu alimjibu kwanza kwa ahadi kubwa, viti kumi na viwili vya enzi. Kisha, asije Petro akaanza kupiga hesabu, akatoa mfano huu. Thawabu ipo. Lakini huwezi kuipandisha kwenye mizani ukamdai Mungu tofauti ya kilo.

Yesu alimaanisha nini kusema aliye mdogo katika Ufalme ni mkuu kuliko Yohana Mbatizaji?

Mathayo 11:11 haipimi tabia. Yohana alikuwa mtu wa kweli kuliko wengi wetu, na alikufa gerezani kwa kusema kweli. Lakini alifika mlangoni tu: alimtangaza Mwanakondoo, wala hakuona msalaba, kaburi tupu, wala Pentekoste. Mtoto wa kipaimara wa Kyela leo anajua lililotokea Jumapili ya Pasaka. Hapo ni suala la hadhi, sio ukuu.

Kwa nini alimweka mtoto katikati?

Wengi hujibu: kwa sababu watoto hawana hatia. Mwenye watoto nyumbani anajua jibu hilo halitoshi.

Katika Kapernaumu wanafunzi walikuwa wamebishana njiani ni nani aliye mkubwa, na walipoulizwa walinyamaza (Marko 9:33-37). Mtoto, katika jamii ile, hakuwa na kauli wala cheo. Hakuna mtu mwenye shida ya kujikweza aliyemwendea mtoto amsaidie kupanda. Yesu alimkumbatia huyohuyo, akasema anayempokea mmoja wa namna hii kwa jina lake anampokea yeye. Kwa hiyo yapo mawili: kujinyenyekesha kama mtoto, ambako Mathayo 18:4 inakusisitiza, na kumpokea mtoto, ambako Marko anakubeba mbele. La kwanza tunalihubiri sana.

La pili linapimika kwa macho. Jumapili ya Juni au Julai, baridi ya Njombe ikiwa imekaza, angalia watoto wa Sunday school wamekaa wapi. Mara nyingi wako nje, chini ya mti au nyuma ya jengo, na mwalimu wao hana hata chaki. Siku akija mgeni rasmi ndio wa kwanza kuinuliwa kwenye benchi. Sidhani kama ni ubaya wa moyo. Ni mazoea, na Yesu aliyagusa mazoea hayo kwa kumsimamisha mtoto pale ambapo wakubwa walitaka kukaa.

Je, ni makosa kuwa na viti vya mbele, meza kuu na mgeni rasmi kanisani?

Kiti chenyewe hakina kosa. Warumi 13:7 inatuagiza kumpa heshima astahiliye heshima, na 1 Timotheo 5:17 inasema wazee watawalao vema wahesabiwe kustahili heshima maradufu. Tulikolelewa sisi, kijana humwamkia mzee kwa adabu, "kamwene" ya Iringa haisemwi kwa kupita tu, na wapo wanaopiga goti hadi leo. Injili haikuja kutufundisha ukosefu wa adabu.

Kosa linaloonyeshwa katika Yakobo 2:1-4 ni mahususi kuliko hapo. Mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anaambiwa keti hapa mahali pazuri. Maskini anaambiwa simama pale, au keti chini miguuni pangu. Swali la kujiuliza, kwa hiyo, ni nani aliyeinuliwa ili mwingine apate kukaa, na aliinuliwa kwa sababu gani. Kumwinua kijana ili bibi akae ni sawa kabisa. Kumwinua bibi ili mfadhili wa harambee akae ndicho alichokiandika Yakobo.

Harambee zenyewe zinahitaji neno. Makanisa yetu mengi ya Nyanda za Juu Kusini yamejengwa kwa mikono ya waumini: matofali ya kuchoma, mabati ya kuchangia, mahindi na viazi vilivyopigwa mnada baada ya ibada. Mnada huo una furaha yake, jogoo mmoja akinunuliwa, akarudishwa, akauzwa tena. Lakini kusoma majina na kiasi kwa kipaza sauti, kuanzia mkubwa kushuka, hadi kumfikia mama wa elfu moja wakati watu wameshaanza kuondoka, kunaifundisha ibada nzima somo kinyume cha lile la Marko 12:41-44. Yule mjane wa senti mbili, kwa hesabu ya Yesu, alitia zaidi ya wote. Ushauri wetu: someni jumla, mshukuruni Mungu, orodha ibaki kwa mweka hazina.

Yesu alisema tusimwite mtu Rabi wala baba. Mbona tunasema Baba Askofu, Baba Paroko, Mtume, Nabii?

Hapa madhehebu yanaachana. Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian hulisoma katazo la Mathayo 23:8-12 kama onyo dhidi ya kupenda kutukuzwa, wakikumbusha kwamba Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba amewazaa kwa Injili (1 Wakorintho 4:15). Wapo Wakristo wengine wanaolichukua kama lilivyo, na huitana ndugu tu. Wote wawili wanakubali mstari wa 11: aliye mkubwa atakuwa mtumishi.

Kuhusu vyeo ambavyo mtu hujipa mwenyewe na kuvichapisha kwenye mabango kabla hajawa na kundi, sura hiyohiyo haihitaji mfafanuzi.

Wamoravian wa Rungwe wana historia yoyote inayohusu jambo hili?

Wanayo, na inafaa kujulikana hata na wasio Wamoravian. Wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891. Walitoka katika kanisa ambalo makao yake ya kiroho ni Herrnhut, Ujerumani, kijiji kilichoanza mwaka 1722 kwenye ardhi ya mkabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyewapokea wakimbizi wa dini kutoka Moravia. Mwaka 1732 walituma watu wawili kwenda kuwahubiria watumwa katika kisiwa cha St. Thomas, Karibi. Hawakuwa wasomi wa chuo. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, David Nitschmann seremala.

Dober aliitwa arudi, akafanywa Mzee Mkuu wa kanisa zima, ofisi iliyokuwa na mamlaka makubwa mno juu ya roho za watu. Mwaka 1741 aliomba kuiacha, akiona ni mzigo unaomzidi. Viongozi wakakutana London mwezi Septemba kutafuta atakayemrithi. Hawakumpata. Walichokubaliana ni kwamba nafasi hiyo haitapewa mtu tena: Mzee Mkuu ni Kristo mwenyewe. Uamuzi huo ulitangazwa kwa makanisa tarehe 13 Novemba 1741, na Wamoravian huikumbuka siku hiyo hadi sasa. Maaskofu na wenyeviti waliendelea kuwapo, lakini kiti kimoja cha juu kiliachwa bila binadamu.

Kuna na makaburi. Desturi ya Kimoravian huko Ulaya na Marekani ilikuwa kumwekea kila marehemu jiwe la bapa lililolala chini, lililofanana na la jirani yake, tajiri kwa maskini. Alfajiri ya Pasaka waumini hukusanyika makaburini kuungama tumaini la ufufuo, na hapo huwezi kujua nani alikuwa nani. Lakini historia isipambwe: katika makaburi ya Herrnhut kwenyewe, ukoo wa Zinzendorf umelala katikati, chini ya mawe makubwa kuliko ya wengine. Watu walioacha kiti cha Mzee Mkuu wazi walishindwa kulinganisha mawe ya mwenye ardhi.

Je, wanawake wana nafasi sawa?

Kwa hadhi, ndiyo, bila masharti (Wagalatia 3:28). Kwa huduma, Foibe ametajwa kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea (Warumi 16:1), na Mariamu Magdalene ndiye aliyetumwa kwanza na Bwana aliyefufuka (Yohana 20:17). Kuhusu daraja takatifu hatulingani: Kanisa Katoliki haliwapi wanawake upadre, ilhali KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) na Moravian hubariki wanawake kuwa wachungaji. Ila ukihesabu wanaolima shamba la kanisa, wanaopika siku ya semina na wanaokesha na mgonjwa, hakuna dhehebu lenye ubishi.

Nimefagia kanisa na kupika kwenye semina kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kunitaja. Je, Mungu anaona?

Anaona. Baba aonaye sirini atakujazi (Mathayo 6:4), na hata kikombe cha maji ya baridi hakipotezi thawabu yake (Mathayo 10:42).

Lakini jibu hilo pekee ni jepesi mno, na wanaolipenda zaidi ni wale wasiofagia. Angalia Yesu alilitoa fundisho la utumwa wa wote kwa nani. Aliwapa wale kumi na wawili, watu waliokuwa wanaelekea kuongoza kanisa. Hakumwendea mjane wala mkoma kumwambia ashuke zaidi. Aliyevua vazi na kujifunga kitambaa kuosha miguu katika Yohana 13 alikuwa Mwalimu na Bwana, akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi. Unyenyekevu katika Injili unaanzia juu. Mkubwa anapoutumia kumnyamazisha aliye chini yake, amesoma kitabu kwa kukigeuza.

Hivyo, mwinjilisti wa mtaa anayetembea milima ya Livingstone na Kipengere kuhudumia nyumba zilizotawanyika, na posho yake haijafika, asiambiwe tu kwamba thawabu iko mbinguni. Mfanya kazi anastahili ujira wake (1 Timotheo 5:18). Halmashauri ya kanisa inayomwambia angoje mbinguni huku ikijinunulia viti vipya itatoa hesabu. Nawe dada, kusema kwenye kikao kwamba jiko linahitaji watu wa kupokezana sio kukosa roho ya utumishi.

Mbinguni tutatofautiana? Na aliyepewa kidogo hataona wivu?

Kwamba thawabu zinatofautiana, makanisa mengi yanakubali. Namna ya kulieleza ndiyo tofauti. Wakatoliki huzungumzia stahili ambazo zenyewe ni tunda la neema. Walutheri husisitiza kwamba thawabu yote ni zawadi, wasije watu wakarudi kwenye kununua wokovu. Katika Luka 19 mmoja anapewa miji kumi na mwingine mitano. Katika Mathayo 25 mwenye talanta tano na mwenye mbili wanaambiwa neno lilelile, herufi kwa herufi: ingia katika furaha ya bwana wako.

Wivu unahitaji mtu anayejitazama. Hilo ndilo jibu fupi. Na tazama thawabu zenyewe ni nini: miji ya kusimamia. Mwaminifu katika kidogo anaongezewa kazi. Asiyependa kutumika hapa sijui atazitaka za nini.

Kwa wale ndugu wawili walioomba viti, kikombe walikipata. Yakobo aliuawa kwa upanga kwa amri ya Herode (Matendo 12:2). Yohana, kwa mapokeo ya kanisa, ndiye aliyekuwa kisiwani Patmo kwa ajili ya Neno la Mungu (Ufunuo 1:9). Nani atakaa kuume na nani kushoto, Maandiko hayasemi.

Nimechaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Nianzie wapi?

Soma 1 Petro 5:1-4 kabla ya siku ya kusimikwa, na uisome na mwenzi wako, kwa sababu gharama ya muda ataibeba yeye pia. Petro anakataza mambo matatu: kutumika kwa kulazimishwa, kutumika kwa kutaka fedha, na kujifanya bwana juu ya mitaa uliyokabidhiwa.

Wiki ya kwanza waombe wazee waliotangulia wakuonyeshe nyumba ambazo hazitembelewi: za mbali na barabara, za wenye madeni, za waliogombana na kanisa, za wagonjwa wa muda mrefu. Anza na hizo. Ukialikwa chakula kwa wenye nacho, nenda, ila Luka 14:12-14 inakutaka na wewe uwaalike wasioweza kukulipa. Fedha za kanisa usizishike peke yako hata kwa usiku mmoja. Omba awepo wa pili, na muandikiane.

Kuhusu muda wa kutumika, mipaka ya kazi na namna ya kujiuzulu, ulizia ofisi ya usharika, ushirika au parokia yako, kwa kuwa katiba za makanisa yetu hazifanani.